Aliyejiharibia Afya, Nani Alipe?

Mama mmoja ametuandikia barua ndefu. Hatutataja jina lake wala kijiji chake, kwa maana anayoyaeleza yamo katika nyumba nyingi. Ameolewa miaka 19, ana watoto wanne, na riziki yake ni kuuza nguo za mitumba sokoni. Bwana wake ni fundi wa magari. Ni mtu hodari wa kazi, na asipolewa ni mpole. Lakini tangu ujana wake ni mtu wa sigara na chupa. Miaka sita iliyopita daktari alimwambia ana presha na sukari. Akapewa dawa, akaagizwa aache kuvuta na kunywa. Dawa alizimeza majuma machache, akajisikia nafuu, akaziacha. Chupa hakuiacha.

Mwaka jana alilazwa mara mbili. Mara ya kwanza mama aliuza mtamba waliyemweka kwa ajili ya karo ya kifungua mimba. Mara ya pili alikopa katika chama chake cha akina mama, na deni hilo bado analilipa kila juma. Pesa za kulipia bima ya afya ya nyumba yao alikuwa amempa bwana mkononi, nazo zikaishia kwenye baa. Sasa bwana ana kidonda cha mguu kisichopona. Wakwe wamefanya kikao, wakamtaka mama auze kipande cha shamba alichonunua kwa jasho lake. Hapo uvumilivu ukamwishia. Alisema mbele ya mama mkwe na mashemeji: "Msiba wa kujitakia hauna kilio. Ugonjwa aliununua mwenyewe, matibabu pia anunue mwenyewe."

Tangu siku hiyo hapati usingizi. Anatuuliza: "Kama nilisema haki, mbona moyo wangu unanishtaki? Na kama nilikosea, mbona kila mara mimi na watoto ndio tunaolipa?"

Mpenzi msomaji, swali hili si la nyumba moja tu. Wabunge, madaktari na kampuni za bima hulijadili katika nchi nyingi: je, mtu anayeishi ovyo alipe zaidi kwa matibabu kuliko anayejitunza? Hebu tulitazame kwa utulivu, kwanza nje, kisha turudi katika nyumba ya mama huyu.

Malalamiko yenye msingi

Ni rahisi kumwambia mama "vumilia tu". Hatutaanza hapo, kwa sababu malalamiko yake yana msingi.

Fikiria chama cha akina mama ishirini wanaochangiana wakati wa shida. Mmoja wao huacha mlango wazi kila usiku, anaibiwa, kisha anakuja kudai msaada. Mara ya kwanza watamchangia kwa moyo. Mara ya pili watamchangia na kumwonya. Mara ya nne, atakayenung'unika hatuwezi kumwita mchoyo. Anachosema ni kwamba kuchangiana ni ahadi ya pande mbili: sisi tutakusaidia ukianguka, nawe usijiangushe makusudi.

Bima ya afya nayo ni chama, ila ni chama kikubwa sana. Hapa Kenya tulikuwa na NHIF tangu mwaka 1966. Mnamo Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi tunaiita SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na uwezo wa nyumba yake, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Katika hesabu hiyo hakuna anayeulizwa huvuta sigara ngapi au hunywa chupa ngapi. Karani asiyeonja pombe na karani anayelala baa, ikiwa mshahara wao ni mmoja, makato yao ni sawasawa.

Zipo nchi zilizoona kwamba usawa huo hautoshi. Marekani, sheria ya mwaka 2010 iliruhusu kampuni za bima kumtoza mvuta tumbaku anayejinunulia bima hadi asilimia 50 zaidi, ingawa majimbo kama California na New York yamekataa jambo hilo kwao. Ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo ilikataza kumtoza mtu zaidi kwa sababu tu ni mgonjwa. Singapore, kuanzia tarehe 8 Desemba 2021, wagonjwa wa Covid waliokuwa wamekataa chanjo kwa hiari yao walianza kulipia wenyewe gharama za hospitali. Jimbo la Quebec huko Kanada lilitangaza Januari 2022 kwamba wasiochanja watalipa mchango wa pekee, lakini kabla ya mwezi kupita likaliacha wazo hilo, kiongozi wake akisema linawagawanya watu.

Unaona basi kwamba mama wetu hayuko peke yake. Watu wenye akili na madaraka wamesema kama yeye, na wengine wakarudi nyuma.

Nani ajuaye chanzo?

Shida ya kwanza ni hii: tutajuaje nani alijitakia na nani hakujitakia?

Kuna watoto wadogo wanaopata sukari ambao hawajawahi kuonja pombe. Presha huzifuata koo nyingine kizazi hata kizazi, na humpata hata mzee asiyegusa sigara. Kuna akina mama ambao mapafu yao yameharibika bila kuvuta hata sigara moja, bali kwa sababu wamepika kwa kuni miaka thelathini katika jiko lisilo na dirisha. Je, hao tutawaambia walichagua moshi? Kijana anayefanya kazi ya bodaboda amechagua hatari kila asubuhi, lakini amechagua kwa ajili ya tumbo la mtoto wake. Mlinzi wa usiku hula alichokikuta barabarani, viazi vya kukaanga na soda, kwa sababu saa hiyo hakuna kingine.

Na tazama pia ni makosa gani tunayoyaona kwa urahisi. Mlevi anayeyumbayumba njiani tunamwona sote. Lakini bwana mwenye gari anayeendesha kama mwehu, au mama wa ofisini asiyetembea hata hatua mia kwa siku, hao hatuwaitishi kikao. Kumbe mara nyingi tunapotafuta wa kutozwa tunamchagua yule ambaye tayari tulikuwa tunamdharau.

Hatusemi kwamba bwana wa mama huyu hana lawama. Yeye alionywa na daktari, tena kwa maneno wazi. Lakini hata kwake haijulikani ni sehemu gani ya ugonjwa iliyotoka kwenye chupa na ni sehemu gani aliyorithi kwa baba yake. Hakuna mashine ya hospitali inayotoa hesabu hiyo.

Tukihesabu shilingi peke yake

Wengine husema, "Tuache lawama, tuhesabu gharama tu. Anayetumia zaidi alipe zaidi." Jihadharini na hesabu hiyo. Mwaka 1997 watafiti wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wao kuhusu gharama za uvutaji wa sigara. Walikuta kwamba watu wote wakiacha kuvuta, gharama za matibabu zingepungua mwanzoni, lakini baada ya miaka mingi zingepanda kuliko zamani. Sababu yake ni nini? Watu wangeishi hadi uzee, na uzee una magonjwa yake.

Basi tukifuata shilingi peke yake, mvutaji anayekufa mapema angestahili kupunguziwa, na nyanya mwenye miaka 90, aliyejitunza maisha yake yote, angestahili kuongezewa. Nani kati yetu angekubali kumwambia nyanya hivyo? Hapo tunatambua kwamba hatukuwa tukizungumza juu ya gharama. Tulikuwa tukizungumza juu ya adhabu, ila tumeivika nguo ya hesabu.

Mlangoni na kitandani

Hata hivyo, mpenzi msomaji, kuna tofauti kubwa kati ya kumtoza mtu akiwa mlangoni mwa duka na kumtoza akiwa kitandani hospitalini.

Anayenunua sigara au bia hapa Kenya hulipa ushuru ndani ya bei. Wakati huo ni mzima, ana pesa mkononi, na ana uwezo wa kusema, "Leo sinunui." Akinunua kidogo hulipa kidogo, akinunua nyingi hulipa nyingi. Hakuna anayempeleleza chumbani kwake. Kutoza kwa namna hii kuna haki fulani ndani yake, nako humpa mtu sababu ya kuacha mapema. Si dawa kamili. Anayekunywa chang'aa halipi ushuru huo, na asiyetaka kupunguza huzitoa pesa za nyongeza kwenye unga wa watoto. Lakini angalau mlango wa kurudi nyuma uko wazi.

Kumtoza akiwa kitandani ni jambo jingine. Mguu unaooza hauwezi kurudi miaka sita nyuma ukameza dawa. Na sisi Wakenya tuna mfano wetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali zake. Katika kliniki moja kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na baada yake. Wanaume waliofika kila mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya zamani, na wanawake hadi asilimia 65. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992, na ada ilikuwa imekwisha ondolewa hapo baada ya miezi tisa.

Magonjwa hayo ndiyo ambayo watu husema upesi kuliko yote, "Alijitakia." Basi wale wanaume ambao hawakufika kliniki walikwenda wapi na ugonjwa wao? Wengi walikuwa na nyumba za kurudi, na katika nyumba hizo walikuwamo wake zao. Ada iliyowekwa mlangoni mwa kliniki haikuwafanya watu kuwa waaminifu. Iliwafanya wafiche.

Mchuma janga

Sasa turudi nyumbani kwa mama yetu. Alitumia methali moja: msiba wa kujitakia hauna kilio. Wazee wetu walikuwa na nyingine pia: mchuma janga hula na wa kwao. Methali hizi mbili hugombana, na nadhani ya pili inaijua ndoa zaidi.

Katika nyumba hakuna bili yenye jina moja. Mtamba aliyeuzwa hakuwa wa bwana, alikuwa karo ya kifungua mimba. Mkopo wa chama haukatwi kwenye karakana, unakatwa kwenye mitumba ya mama. Tukisema "mlevi alipe zaidi", anayetoa pesa kwa kweli ni mke na watoto. Na tukisema "basi asitibiwe", mguu ukikatwa, ni nani atakayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu? Ni nani atakayeziba pengo la riziki karakana ikifungwa? Ni wale wale. Adhabu iliyokusudiwa mtu mmoja huwapiga watu sita, na pengine yeye ndiye anayeisikia kidogo kuliko wote.

Hili ndilo jibu la swali la pili la mama, "Mbona mimi na watoto ndio tunaolipa?" Mama, mnalipa kwa sababu maisha yenu yamefungwa pamoja na yake. Si haki, na usikubali mtu akuambie ni haki. Lakini kumnyima matibabu hakutaiondoa dhuluma hiyo. Kutaiongeza.

Je, tunasema basi kwamba bwana hana wajibu wowote? La, hasha! Kuna kumwadhibu mtu kwa sababu ameugua, na kuna kumdai mtu sehemu yake. Mambo haya mawili hayafanani. Adhabu hutazama nyuma na kusema, "Teseka, ulijitakia." Dai hutazama mbele na kusema, "Tunakutibu kwa sababu wewe ni wetu, na kwa sababu wewe ni wetu, leta sehemu yako." Mtu asiyedaiwa chochote tumemfanya mtoto. Mtu anayenyimwa matibabu tumemfanya mgeni. Mume si mtoto wala si mgeni.

Kwa mama aliyetuandikia

Siku ya harusi yenu mliahidiana kuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Siku ile hakuna aliyeongeza, "isipokuwa ugonjwa wa kujitakia." Lakini pia hakuna aliyeahidi kugharimia baa. Shika mambo hayo mawili kwa pamoja, nawe utaona njia.

Kwanza, kidonda cha mguu cha mwenye sukari hakingojei kikao. Apelekwe hospitali juma hili. Kila siku inayopita huongeza hatari ya kupoteza mguu, na gharama inakua.

Pili, usikubali kwamba shamba lako ndilo liwe la kwanza kuuzwa. Waulize wakwe zako kwa heshima, "Nanyi mmeleta nini?" Kama kuna kikao cha kumtaka mke auze, na kiwe pia kikao cha ndugu kuchanga. Angalieni kwanza kama mchango wenu wa SHA unaweza kulipwa sasa ili nyumba nzima ipate kinga. Angalieni vyombo vya karakana, na madeni ambayo wateja hawajamlipa bwana. Ikiwa mwisho wa yote uhai wake unategemea shamba hilo, uamuzi utakuwa mgumu, nasi hatuwezi kuufanya kwa niaba yako. Lakini uwe wako, ufanywe kwa moyo wako mbele ya watoto wako, usiwe wa kulazimishwa na kikao.

Tatu, usimpe tena mkononi pesa za bima, za karo wala za dawa. Zilipe mwenyewe. Huku si kumdharau. Ni kumwondolea jaribu ambalo limemshinda. Wala usilipe deni lake la baa hata kidogo, wala usiwadanganye watu kwa ajili yake kwamba ana malaria wakati amelewa.

Nne, maneno yale ya kikaoni. Moyo wako unakushtaki kwa sababu uliyasema mbele ya watu, kama hukumu. Uliyoyasema yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ulihitaji chumba chenye watu wawili. Mwambie, "Nilikuaibisha mbele ya mama yako, nisamehe. Lakini niliyokuwa nayo moyoni bado yapo, nataka uyasikie." Kisha umweleze yote: mtamba, mkopo, karo. Kama peke yako huwezi, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa au mzee mnayemwamini nyote wawili.

Na kwa bwana, kama atausoma ukurasa huu

Ndugu yetu, hatukuiti mlevi. Tunajua pombe ikishaota mizizi huwa yenyewe ni ugonjwa, na kuacha si kama kuvua koti. Mwambie daktari ukweli wote juu ya unywaji wako, kwa sababu mtu aliyezoea pombe nyingi akiacha ghafla bila msaada anaweza kudhurika.

Lakini lipo unaloliweza leo. Hesabu ulichotumia kwenye sigara na chupa mwezi uliopita. Andika kwenye karatasi. Kando yake andika shilingi 300. Ni mchango wa chini kabisa wa mwezi mmoja wa kuikinga nyumba yako nzima, mke na watoto pamoja nawe. Utazame tarakimu hizo mbili. Hakuna anayekudai uulipie ugonjwa wako. Unadaiwa sehemu yako tu: kumeza dawa unapojisikia vizuri na unapojisikia vibaya, kuleta mchango kabla ya baa kufunguliwa, na kumwambia mke wako neno moja ambalo kwa barua yake hajalisikia bado, yaani asante kwa yule mtamba.

Nchi itaendelea kubishana kama mvutaji atozwe zaidi. Maoni yetu ni haya: atozwe dukani, asitozwe wodini. Na nyumbani ni vivyo hivyo. Daianeni mkiwa wazima, tibianeni mkiwa wagonjwa, wala msiyapindue mambo hayo mawili.

Maswali ya kujadili mume na mke:

1. Katika nyumba yetu, ni tabia gani yangu ambayo wewe ndiwe unayeilipia? Nami naomba nikueleze ile yako ninayoilipia mimi.

2. Mchango wetu wa bima ya afya umelipwa hadi lini, na ni nani kati yetu anayeshughulikia?

3. Mara ya mwisho mmoja wetu alipougua, je, tulimwambia neno lililomuumiza kuliko ugonjwa? Tumekwisha kuombana msamaha?